Paris Kumelala: Toleo Refu la Filamu ya Kwanza ya René Clair na Haki ya Mtunzi ya Kujisahihisha

Hati za tenzi zetu za kale zimetuzoesha swali moja gumu: panapokuwapo nakala mbili za kazi moja, nazo zikahitilafiana kwa urefu na kwa maneno, ipi ndiyo kazi yenyewe? Katika makala haya tunakusudia kulichukua swali hilo na kuliuliza mahali ambapo wanafasihi wa Kiswahili si desturi yao kuliuliza, yaani katika sinema bubu ya Ufaransa. Filamu tunayoishughulikia ni Paris qui dort, kazi ya kwanza ya René Clair, iliyopigwa mwaka 1923 na kutolewa kwa umma mwaka 1925. Kwa muda mrefu watazamaji wengi waliijua kwa toleo fupi la dakika zipatazo 35 tu, toleo ambalo Clair mwenyewe alilikata alipokuwa ameshakuwa mtu mwenye umri na sifa. Toleo refu, linalokaribia saa moja, lilibaki zaidi katika ghala za wahifadhi wa filamu hadi liliporekebishwa na kurudishwa mbele ya hadhira. Urekebishaji uliotolewa na Fondation Jérôme Seydoux-Pathé mwaka 2018 ndio tunaoutegemea hapa. Dai letu ni kwamba toleo hili refu, pamoja na kasoro zake zote za mwanagenzi, ndilo linalofikiri. Toleo fupi linasimulia tu.

Inafaa kwanza kumjua mtunzi kwa ufupi. René Chomette, aliyejiita Clair, alizaliwa Paris mwaka 1898. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alihudumu katika kikosi cha magari ya wagonjwa; baadaye akawa mwandishi wa gazeti la L'Intransigeant, akaigiza katika baadhi ya filamu za Louis Feuillade, kisha akawa msaidizi wa mwongozaji Jacques de Baroncelli. Kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa wa kamera. Lakini alipoanza kupiga filamu hii katika kiangazi cha 1923 alikuwa na umri wa miaka 24, hajawahi kuongoza hata picha moja, na fedha alizopewa na mtayarishaji Henri Diamant-Berger zilikuwa haba. Alichokuwa nacho kwa wingi ni mji mtupu wa alfajiri, ambao haukumgharimu chochote, na chuma cha Mnara wa Eiffel.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Albert, kijana mlinzi wa usiku anayeishi kileleni mwa mnara, anaamka asubuhi na kutazama chini, asione kitu kinachotembea. Anashuka ngazi zisizokwisha. Barabarani anawakuta watu wachache, kila mmoja ameganda katika tendo alilokuwa akilitenda: mtu mmoja ukingoni mwa mto Seine yu tayari kujitosa, mkononi ana barua inayolaumu pilikapilika za maisha ya kisasa, mwizi anakimbia bila kukimbia, na askari nyuma yake ananyoosha mkono usiomfikia. Saa zote zimesimama saa tisa na dakika 25 za usiku. Baadaye Albert anakutana na watu wengine watano walio hai, waliokuja kwa ndege kutoka Marseille: rubani, tajiri mmoja mfanyabiashara, mwanamke msafiri aitwaye Hesta, mpelelezi, na mwizi ambaye mpelelezi huyo amemfunga pingu. Mwishowe inabainika kwamba mwanasayansi mmoja ameuzimisha mji kwa miale ya mtambo wake, na kwamba miale hiyo haikufika juu angani walikokuwa hawa sita. Wanamlazimisha aufufue mji, mji unafufuka, na taabu nyingine zinaanza.

Tuanze na jina, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Waingereza na Wamarekani waliiita filamu hii The Crazy Ray, yaani walimtoa mtazamaji kwenye mji wakampeleka kwenye mtambo, na kwa jina hilo wakafichua siri ambayo Clair anaificha kwa muda mrefu. Jina la Kifaransa halifichui lolote. Kitenzi dort hakisemi kama usingizi umeanza sasa au jana, wala kama una sababu. Kwa Kiswahili hatuwezi kuwa na uvivu huo. Anayesema "Paris inayolala" ameanza kuuona mji ukijinyoosha kitandani, kwani kiambishi -na- huonyesha tendo liendelealo. Mtu aliye usingizini kwetu si "analala" bali "amelala", kama vile aliye wima "amesimama" na aliyeshikwa na baridi "ameganda". Vitenzi hivi vya hali huchukua -me-, na -me- daima hubeba kumbukumbu ya tukio: aliyesimama sasa alisimama wakati fulani, na palikuwa na sababu. Kwa maneno mengine, sarufi yetu inauliza swali ambalo Albert analiuliza kwa uso wake tangu anaposhuka mnarani, yaani ni nini kilichotukia hapa.

Hata "Paris imelala" hailingani na tunachokiona, kwa sababu inaufanya mji kuwa kama mtu mmoja mkubwa aliyefumba macho. Waliomo ndani yake hawakufumba macho. Tafsiri tunayoipendekeza ni "Paris kumelala", kwa upatanisho wa mahali, kama tusemavyo "mjini kumetulia" au "Mombasa kumenyesha". Upatanisho huu wa ku- unamwondoa mtendaji kabisa na kuacha mahali patupu. Na hilo ndilo jambo ambalo kamera ya Clair inalifanya katika robo ya kwanza ya filamu. Viwanja, madaraja na barabara kuu zinapita mbele yetu moja baada ya nyingine, na hakuna anayezitumia.

Hapa ndipo tofauti ya matoleo mawili inapoanza kuwa na uzito. Hatukusudii kuorodhesha picha kwa picha kilichoondolewa. Kwa mtazamaji wa kawaida jambo moja linatosha, nalo ni muda. Utulivu ni kitu ambacho sinema haiwezi kukionyesha isipokuwa kwa kukipa nafasi. Mchoraji akichora barabara tupu, imekuwa tupu mara moja. Mwongozaji akionyesha barabara tupu kwa nukta mbili, mtazamaji ataamini kwamba gari liko karibu kupita. Sharti picha ikae hadi tungoje gari hilo, tuchoke kulingoja, ndipo tujue halitakuja. Toleo refu lina subira hiyo. Katika toleo fupi Albert anashuka, anaona, anashangaa, na ndege inatua. Tumeelewa hali, lakini hatukuipitia. Tulipowaonyesha wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu matoleo yote mawili, waliliita toleo fupi kichekesho na hawakuwa na neno la haraka la kuliita lile refu, na huo ulikuwa uhakiki mzuri kuliko mwingi tuliousoma.

Uhakiki uliosomwa zaidi kuhusu filamu hii ni ule wa Annette Michelson, uliochapishwa katika jarida la October mwaka 1979. Kwa mtazamo wake, mtambo wa mwanasayansi ni mfano wa mtambo wa sinema wenyewe: usukani ukivutwa mji unaganda, ukirudishwa mji unakimbia, kama vile mhariri anavyousimamisha mkanda na kuuendesha apendavyo. Hoja hii haina pingamizi kwa kadiri inavyokwenda. Sinema ni mlolongo wa picha zilizoganda ambazo jicho letu huzidanganya kuwa mwendo, na Clair anacheza na siri hiyo kwa furaha ya kijana aliyepewa chombo kipya. Katika sehemu ya maabara magari ya Paris yanasimama, yanaanza, yanaongeza kasi hadi kuwa wazimu, na sababu yake ni mkono mmoja tu juu ya usukani. Hata hivyo, tunaona kwamba usomaji huu unaifunga filamu ndani ya kioo chake yenyewe. Unaeleza vizuri mtambo, na unawasahau watu sita walioko juu ya mnara, ambao ndio wanaochukua sehemu kubwa ya filamu na ambao ndio wanaoumia zaidi filamu ikikatwa.

Tuitazame saa ile kwa makini. Ni nani aliye nje katika mji mkubwa saa tisa na dakika 25 za usiku? Ni walevi wa migahawa ya fahari, wezi, askari wanaowawinda, watumishi, wafagiaji, na mtu aliyekata tamaa kando ya mto. Wenye kazi za mchana wamelala kitandani na hatuwaoni. Kwa kuchagua saa hiyo Clair ameukata mji kama mtu akatavyo tunda, na tunachokiona ndani ni anasa na wale wanaoilinda, wanaoihudumia au wanaoiibia. Kisha anawamulika kwa jua la mchana, wakiwa bado wamo katika matendo ya usiku. Tajiri aliyetoka Marseille anakwenda kwa kimada wake na kumkuta na mwanamume mwingine. Wote wawili wameganda, na hakuna awezaye kujitetea. Kicheko kinachotoka hapo ni kikali kuliko kinavyoonekana.

Kwa upande mwingine, waliookoka wameokolewa na kimo tu. Tajiri alikuwa juu kwa sababu alikuwa na nauli ya ndege, mwizi kwa sababu ya pingu, na Albert kwa sababu mshahara wake ulimweka huko. Wakishaungana, tofauti zao zinayeyuka kwa haraka ya kuchekesha. Pingu zinafunguliwa, kwani katika mji wa milango iliyofungwa hakuna fundi anayehitajika kuliko mwizi; na mpelelezi, aliyekuwa mkono wa sheria, anakula na kunywa mvinyo pamoja naye katika mgahawa uliojaa watu walioganda. Vito na fedha vinachukuliwa, na mara vinakuwa vitu vya kuchezea. Mtu atasema hii ni ndoto ya usawa. Clair kijana hana imani nayo. Mali isiyo na wa kuitamani, wala wa kukutamania kwayo, si mali, na kwa muda mfupi watu hawa wanakuwa na kila kitu na hawana la kufanya.

Sehemu inayofuata ndiyo ambayo wahakiki wengi wameiona dhaifu, nasi tunaiona kuwa kiini. Kileleni mwa mnara wanakaa, wanapiga miayo, wanatazama chini, wanageukiana. Hakuna kinachotokea, na kinachukua muda kutokotokea. Kisha wanaume wanaanza kugombana juu ya Hesta, kwa kuwa yeye ndiye kitu pekee kilichobaki chenye uhaba. Ni kweli kwamba hapa uigizaji unalegea. Mtu anakunja uso na kukunjua ngumi kama alivyofundishwa jukwaani, na Hesta hakupewa nafsi yoyote isipokuwa ile ya kugombewa. Mwongozaji mzoefu angeikaza sehemu hii, na mzoefu huyo, ambaye ni Clair mwenyewe miaka mingi baadaye, hakuwa na huruma na urefu wake. Lakini uchovu wa watu hawa hauwezi kuelezwa kwa ufupi. Anayeufupisha amewafanya wagomvi kwa sababu ya mwanamke, ilhali katika toleo refu ni wagomvi kwa sababu ya utupu, na mwanamke ni kisingizio. Tofauti hiyo si ndogo.

Hatuna budi pia kutaja jinsi wanavyotolewa katika uvivu huo. Sauti inawafikia kwa redio: binti mmoja wa nyumba ya mwanasayansi anaomba msaada. Mnara wa Eiffel, wenye kimo cha mita zipatazo 300, ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1889, na ruhusa ya kuuacha usimame ilikuwa ya miaka 20. Ulinusurika kubomolewa kwa kiasi kikubwa kwa sababu ulionekana kufaa kubeba mitambo ya mawasiliano bila nyaya, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ulikuwa ukirusha matangazo ya redio. Watazamaji wa 1925 walilijua hilo. Kwao mnara haukuwa pambo la kadi za posta. Ulikuwa chombo cha kisasa, na ni chombo hicho kinachowarudisha watu hawa katika jamii. Sayansi iliyouzimisha mji na sayansi inayoleta kilio cha msaada zinawekwa bega kwa bega, na filamu haisemi ipi ina nguvu zaidi.

Mji unapofufuka, hadithi nyepesi ingekoma. Clair anaendelea. Fedha zinapata thamani yake tena katika nukta ile ile, na Albert, aliyekuwa akitembea juu ya utajiri wa Paris yote, anajikuta na binti aliyempenda na mifuko mitupu. Analofanya ni kurudi kwenye mtambo. Wazo la kwanza la mtu mwema wa filamu hii, akiwa na nguvu ya kusimamisha dunia, ni kuisimamisha ili aibe. Anakamatwa, anasema kweli, na kweli yake inaonekana wendawazimu. Hapa tunamwona tayari mtunzi wa À nous la liberté ya mwaka 1931, ambaye atauonyesha mfungwa na mwenye kiwanda kuwa watu wa mtindo mmoja. Wanaodai kwamba Clair aligundua dhamira ya fedha katika miaka ya filamu zenye sauti hawajaitazama kazi yake ya kwanza kwa urefu wake.

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kulithibitisha kwa ushahidi wa picha moja, lakini ambalo halituachi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitano tu kabla. Wanajeshi wa Ufaransa wapatao milioni 1.4 walikuwa wamekufa, na kijana aliyewahi kuhudumu katika magari ya wagonjwa alikuwa ameona miili mingi iliyokoma katikati ya tendo. Filamu hii haitaji vita hata mara moja. Walakini tunapowaona walio hai wakipita katikati ya walioganda, wakiwagusa, wakiwavua vito na kuendelea na safari yao, tunaona vigumu kuamini kwamba mchezo huu ulizuka katika kichwa kisicho na kumbukumbu.

Sasa turudi kwenye swali la matoleo. Ipo kanuni mashuhuri ya wahariri wa matini isemayo kwamba nia ya mwisho ya mtunzi ndiyo inayostahili kuheshimiwa. Kwa kanuni hiyo toleo la dakika 35 lingeshinda bila mashindano, kwa kuwa hakulikata mfanyabiashara wala msimamizi wa serikali, bali mtunzi kwa mkono wake. Sisi tunaikataa kanuni hiyo katika suala hili. Clair wa mwisho alikuwa mwanachama wa Académie française, aliyechaguliwa mwaka 1960. Alijua wepesi na mwendo wa kichekesho kuliko mtu yeyote wa nchi yake, na aliutazama mkanda wa ujana wake kama mwalimu atazamavyo insha. Alichokiona ni uzembe wa mwendo. Lakini mwendo mzembe ndio uliokuwa maudhui. Mtunzi ana haki ya kuandika upya; hana haki ya kututaka tuamini kwamba kijana aliyekuwa yeye hakuwahi kusema jambo jingine.

Taaluma yetu imelijua tatizo hili kwa sura ya kinyume. Muyaka hakutuachia diwani aliyoipanga mwenyewe. Mashairi yake yalikusanywa baada ya kufa kwake, kwa juhudi za W. E. Taylor na Mwalimu Sikujua wa Mombasa; William Hichens akayachapisha mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akayarudia kwa upana zaidi mwaka 1979. Kwa sababu mtunzi hakuwapo kutuamulia, tulilazimika kujifunza kuuliza kila nakala inasema nini na kwa nini inasema hivyo, badala ya kuuliza ipi ina muhuri. Uzoefu huo ni mali. Unatufaa kila tunapokutana na riwaya iliyofupishwa kwa ajili ya shule na kuchapishwa kwa jina lile lile bila onyo lolote, na unatufaa hapa.

Upo pia uhusiano wa karibu zaidi na fasihi ya Kenya. Katama Mkangi katika Walenisi (1995) anamrusha Dzombo katika chombo kimpeleke kwenye ulimwengu mwingine, na wasomaji wengi hawakujua waiweke wapi riwaya hiyo: ni sayansi ya kubuni, au ni kejeli ya siasa? Swali hilo lina kosa lile lile linalofanywa na wanaouliza kama Paris qui dort inahusu mtambo au inahusu fedha. Kwa Mkangi na kwa Clair kijana, chombo cha ajabu kina kazi moja tu, nayo ni kuyasimamisha mazoea kwa muda ili tuyaone. Tofauti ni kwamba Mkangi ana jamii mbadala ya kutuonyesha, ilhali Clair hana; watu wake wakipewa mji mtupu hawajengi chochote.

Kwa matumizi ya darasani tumeanza kuvitafsiri vibao vya maandishi vya toleo refu. Si vingi, na Kifaransa chake ni chepesi. Ugumu umebaki kwenye jina. Mwenzetu mmoja wa isimu anashikilia "Paris imelala", akidai kwamba upatanisho wa mahali utawafanya wanafunzi wafikirie hali ya hewa. Hoja yake tumeisikia. Kibao cha kwanza, hata hivyo, tumekiandika "Paris Kumelala", na tunamkaribisha msomaji mwenye pendekezo bora aliandike katika kurasa hizi.